Masega yameuzwa, taa ya injini inawaka: hesabu anayoikuta mfanyabiashara barabarani

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, na kutoka Namanga hadi Nairobi zipo kama 165 nyingine. Mfanyabiashara anayepeleka vitunguu au nyanya kwa gari dogo huipima safari hiyo kwa lita, wala si kwa kilomita. Kwa hiyo taa ya njano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi, siku mbili tu baada ya gari kutoka gereji, mtu huyo ana haki ya kukunja uso.

Kisa chenyewe kinajulikana pande zote za mpaka. Gari lilikuwa linapiga kelele, silensa imeliwa na kutu, na mwenye gari akaenda kwa mchomeleaji. Pale akashauriwa kwamba ya nini kutengeneza silensa peke yake? Masega yatolewe, bomba liwekwe moja kwa moja, injini ipumue na gari liwe jepesi kwenye milima. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa masega yupo hapo hapo na fedha mkononi. Mwenye gari anaondoka na mngurumo mpya na noti kadhaa mfukoni. Kesho kutwa taa inawaka. Fundi anachomoa terminali ya betri, anasubiri kidogo, anairudisha, na taa imezima. Gari linavuka mpaka salama, kisha kabla halijafika Kajiado taa imerudi.

Taa hiyo haijakosea. Inafanya kazi iliyowekewa.

Masega ni ule mtungi wa chuma ulio kwenye bomba la moshi, kati ya injini na silensa. Wenye vitabu huuita katalitiki konveta. Mafundi wa Tanzania waliupa jina zuri zaidi, kwa sababu ndani yake mna kauri yenye vitundu vingi vidogo mfano wa sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu, na ni madini hayo anayoyatafuta mnunuzi. Moshi wa injini ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, mabaki ya petroli na oksidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na naitrojeni.

Kabla ya masega na baada ya masega, magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni huwa na sensa za oksijeni, yaani vijiti vya chuma vilivyokazwa kwenye bomba, kila kimoja na nyaya zake. Watu wengi hudhani ni kitu kimoja kilichowekwa mara mbili. Sivyo, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Sensa ya kwanza, iliyo karibu na injini, ndiyo jicho la kompyuta ya gari. Hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Kompyuta nayo huongeza au kupunguza muda ambao nozeli zinamwaga mafuta, ili uzito wa hewa uwe takriban mara 14.7 ya uzito wa petroli. Kazi hiyo hurudiwa mfululizo muda wote injini inapofanya kazi. Sensa ya aina hii ilianza kutumika kwenye gari la Volvo mwaka 1976, ikiwa imetengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani.

Sensa ya pili, iliyo nyuma ya masega, ni mkaguzi. Kwa sehemu kubwa kazi yake ni kuangalia kama masega yanafanya kazi. Masega mazima huhifadhi oksijeni na kuitoa taratibu, kwa hiyo moshi unaotoka nyuma yake hautikisiki. Kwenye mashine ya kupimia, sensa ya kwanza ya aina ya kawaida huonekana ikipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, na ile ya pili hutulia karibu na 0.6 au 0.7. Masega yakiondolewa, sensa ya pili huanza kucheza kama ya kwanza. Kompyuta huona moshi wa mbele na wa nyuma ni mmoja, hurekodi msimbo P0420 wenye maana kwamba masega hayafikii kiwango, kisha huwasha taa.

Kuchomoa betri kunafuta kumbukumbu tu. Msimbo kama huu kwa kawaida huhitaji safari mbili zenye kosa lile lile kabla taa haijawaka, na ndiyo sababu gari huvuka mpaka likiwa kimya na kumuumbua mwenyewe mbele ya safari. Fundi aliyechomoa terminali hakutengeneza kitu. Amenunua muda, kwa fedha ya mteja.

Hapa lazima haki itendeke kwa pande zote, kwa sababu maneno ya gereji ni mengi. Wapo wanaosema kutoa masega kunamaliza mafuta, wengine wanasema kunaokoa mafuta. Kama masega yalikuwa mazima, mwenye gari dogo la mizigo hatahisi nguvu mpya ya maana, atasikia kelele mpya. Ulaji wa mafuta nao, kwa kukosekana masega peke yake, haubadiliki sana, kwa kuwa mchanganyiko unaongozwa hasa na sensa ya kwanza. Kinachokula mafuta ni yale yanayoharibika wakati wa kukata na kuchomelea.

La kwanza ni tundu. Mshono wa kuchomelea ukibaki na upenyo, au gasketi ya manifodi ikiwa imekatika mbele ya sensa ya kwanza, hewa ya nje huvutwa ndani ya bomba. Sensa inaona oksijeni nyingi na kudhani injini ina njaa, nayo kompyuta inaongeza petroli ambayo haikuhitajika. La pili ni waya. Nyaya za sensa zikiachwa zigusane na bomba la moto huyeyuka, na umeme wa kuchomelea ukipita mahali pasipostahili huweza kuua sensa au hata kompyuta. La tatu ni silikoni. Gundi ya silikoni isiyo ya kazi hiyo, ikipakwa kwenye viungo vya bomba, hutoa mvuke unaoziba ncha ya sensa.

Sensa ya kwanza ikishakufa, kompyuta huacha kuisikiliza na kumwaga mafuta kwa makadirio, na makadirio hayo mara nyingi huegemea upande wa kuzidisha. Tuseme gari lilikuwa likienda kilomita 14 kwa lita moja na sasa linakwenda 11. Arusha hadi Nairobi, kilomita 275, zilihitaji chini kidogo ya lita 20, sasa zinahitaji 25. Kwenda na kurudi ni lita kumi za ziada. Anayesafiri mara tatu kwa wiki anamwaga lita 30 kila wiki, na zile noti za masega zinakwisha kabla ya mwezi kuandama.

Desturi hii ya kutoa masega ina chanzo chake, na chanzo hicho hakikuwa ujinga. Zamani petroli ya kwetu ilikuwa na madini ya risasi, na risasi hufunika ule utando wa platinamu hadi masega yanakufa na kuziba. Fundi wa miaka ya 1990 aliyemshauri mteja ayatoe alikuwa anamsaidia. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi ifikapo Januari 2006, na tangu Januari 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mafuta yamebadilika. Ushauri umebaki ule ule, sasa ukisukumwa na bei ya madini.

Ni kweli pia kwamba masega huweza kuziba. Gari hukosa nguvu, hasa kwenye mlima, na mtungi wenyewe huweza kuwa mwekundu kwa joto. Lakini masega mara chache hujifia yenyewe. Mara nyingi plagi au koili imechoka, silinda moja haichomi, na petroli mbichi inakwenda kuwakia ndani ya kauri na kuiyeyusha. Hilo huja na onyo lake, kwani taa ya injini huacha kuwaka kwa utulivu na kuanza kupepesa. Taa iliyotulia inaruhusu kumaliza safari na kutafuta fundi. Inayopepesa inataka dereva apunguze mwendo mara moja na kusimama mahali salama. Kuweka masega mapya bila kutibu plagi ni kuyapeleka kule kule yalikokufia ya kwanza.

Kuhusu silensa, habari ni njema. Anayebadilisha silensa ya nyuma peke yake, bila kugusa masega wala sensa zote mbili, hana sababu ya kuwashiwa taa. Ikiwaka, aangalie kwanza soketi za sensa, kwa kuwa huenda mojawapo ilichomolewa wakati gari liko juu ya jeki na haikurudishwa. Misimbo P0135 na P0141 huhusu vipasha joto vya sensa ya kwanza na ya pili, na mara nyingi kinachotakiwa ni waya au fyuzi, si sensa mpya.

Na pale sensa mpya inapohitajika, iwe inanunuliwa Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, mnunuzi aende na ile iliyokufa mkononi na kulinganisha namba. Katika magari mengi ya Toyota sensa ya mbele si ya aina moja na ya nyuma, ingawa kwa macho zinafanana na uzi wa kukazia unaingia. Ikiwekwa isiyo yake, taa itabaki palepale.

Baadhi ya mafundi wana dawa nyingine, ambayo ni kuweka kipande cha bomba chini ya sensa ya pili ili iinuliwe, isiguswe sana na moshi, na idanganyike kwamba masega yapo. Wengine huchomoa taa yenyewe kwenye dashibodi. Njia ya kwanza huweza kuizima taa, lakini moshi unabaki vilevile. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu siku silinda itakapoacha kuchoma hakuna kitakachopepesa.

Lipo jambo zito kuliko mafuta. Kwenye foleni za mpakani, hasa usiku wa mvua au baridi, wafanyabiashara hulala ndani ya magari, na wengine huacha injini ikiunguruma ili wapate joto au wachaji simu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Injini isiyo na masega hutoa nyingi zaidi, na mshono wenye upenyo chini ya sakafu huitoa kabla haijafika mkiani. Katika gari lililosimama, hewa hiyo hupanda kupitia matundu ya sakafu iliyoliwa na kutu, mlango wa nyuma usiofunga vizuri au mpira wa gia uliochanika. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mtu aliyetoka safarini huzichukulia kuwa uchovu, kisha akalala. Aliyeongezwa bomba majuzi asilale kwenye gari lenye injini inayowaka hata kama amefungua dirisha kidogo.

Kumkagua mchomeleaji hakuhitaji elimu kubwa. Kabla hajashika mashine, terminali hasi ya betri iwe imechomolewa na soketi za sensa zimeachanishwa. Akimaliza, injini iwashwe ikiwa bado ya baridi, na mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku mwingine akisikiliza chini. Penye upenyo patapuliza.

Kwa anayenunua gari lililotumika upande wa pili wa mpaka, kipimo cha kwanza ni bure. Funguo igeuzwe hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwe miongoni mwao, kisha izime injini ikishawaka. Isipoonekana kabisa, kuna mtu aliyeitoa, na hakuitoa kwa urembo. Baada ya hapo mnunuzi ainame kutazama kama mtungi wa masega upo au kuna bomba jipya lenye mishono. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusomwa kwa simu humwonyesha pia kama kumbukumbu ilifutwa karibuni, kwa kuwa vipimo vya kompyuta vitakuwa bado havijakamilika. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayasomeki kwa vifaa hivyo vya bei nafuu, na hapo inabidi fundi mwenye mashine kubwa.

Rwanda ilianza mwaka 2025 kupima moshi kwa lazima katika ukaguzi wa magari. Gari lisilo na masega, ambalo leo linasifiwa kwa mngurumo wake, mnunuzi wa Kigali atalitolea bei huku akikumbuka kipimo hicho.