Penalti Huanzia Machoni

Tarehe 2 Julai 2010, jijini Johannesburg, dakika za nyongeza za robo fainali ya Kombe la Dunia zikiyoyoma, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukielekea wavuni. Kadi nyekundu, penalti kwa Ghana. Asamoah Gyan, aliyekwisha kufunga penalti mbili katika mashindano hayohayo, akagonga mtambaa wa panya. Muda si mrefu, kwenye mikwaju ya kuamua mshindi, akawa wa kwanza kupiga kwa upande wa Ghana, na akafunga. Ghana walitolewa kwa 4-2.

Mguu ni uleule, umbali ni mita 11 zilezile. Saikolojia ya michezo inataja mambo mawili yanayoweza kumwangusha hata mpigaji mahiri.

La kwanza ni kujisimamia kupita kiasi. Ulichokizoea mwili hukifanya wenyewe. Presha ikipanda, akili huanza kukagua: mguu nikanyage wapi, kifundo kimekaza? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, Sian Beilock na wenzake waliwataka wachezaji wakokote mpira katikati ya koni, mara wakisikiliza neno fulani litajwe, mara wakifuatilia ni upande gani wa mguu uliogusa mpira. Wazoefu waliofuatilia mguu wao wa kulia walipungua kasi. Wanagenzi, kinyume chake, walifanya vizuri zaidi, na hata wazoefu walinufaika walipotumia mguu wa kushoto. Kwa hiyo "kaza kifundo, inamia mpira" ni somo zuri kwa mtoto anayejifunza. Ukimpigia kelele hizo mshambuliaji aliyekwisha kuuweka mpira kwenye nukta, unamvuruga.

La pili ni macho. Watafiti wa Uingereza waliwavisha wapigaji vifaa vya kufuatilia macho, wakaona kwamba wakitiwa wasiwasi humtazama kipa mapema na kwa muda mrefu zaidi, na mipira yao huelekea karibu naye. Kipa anayerukaruka na kupunga mikono anajua anachokitafuta.

Basi kutulia si kukaza akili. Ni kuipa akili kazi moja nyepesi. Chagua kona kabla ya kuweka mpira, usiibadilishe. Tazama pale unapotaka mpira uingie, kisha utazame mpira wenyewe. Filimbi ikilia, usikurupuke: uchunguzi wa Geir Jordet wa Norway umeonyesha kwamba wanaokimbilia kupiga hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda kidogo. Shusha pumzi, ndipo uanze kukimbia.

Makocha wengi huwapigisha vijana penalti mfululizo, mmoja baada ya mwingine. Hilo hunoa mguu tu. Ngoja mwisho wa mazoezi, miguu imechoka. Mchezaji atoke katikati ya uwanja peke yake, wenzake wakimzomea, apige mkwaju mmoja tu. Akikosa, asirudie hadi siku inayofuata.