Slovenia: ginsi watu watatu wanabeba muziki mpya ya inchi ndogo

Trio ni kikundi cha watu watatu tu. Katika muziki ya Ulaya ile wanaita «muziki ya chumba», mara nyingi wale watatu ni mpiga violoni, mpiga violonsele na mpiga piano. Hakuna kiongozi wa kusimama mbele na fimbo, na hakuna mutu wa kujificha nyuma yake. Mmoja akikosea, ukumbi wote unasikia. Na huko Slovenia, inchi ya wakaaji karibu milioni mbili, vikundi vidogo sawa hivi njo vinasaidia kazi mpya za watunzi wa pale zitoke kwenye karatasi na kufika kwenye masikio ya watu.

Slovenia iko kati ya Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. Eneo lake linapita kidogo tu kilometa za mraba 20 000. Kivu Kaskazini peke yake inakaribia kuizidi mara tatu. Ilijitenga na Yugoslavia tarehe 25 Juni 1991, na vita yenye ilifuata ilidumu siku kumi. Lakini mambo ya muziki katika mji mkuu, Ljubljana, ni ya zamani kuliko serikali yenyewe. Chama cha kwanza cha wanamuziki kilianzishwa pale mwaka wa 1701, na mwaka wa 1819 chama kilichokifuata kilimuandika Beethoven kuwa mwanachama wa heshima.

Sasa, kumpa heshima mutu wa Vienna ni jambo moja. Kuwa na sauti yako mwenyewe ni jambo lingine. Kwa muda mrefu watu wa Ljubljana walipiga sana muziki ya Wajerumani na Waaustria, sababu inchi yao ilikuwa chini ya utawala wa Vienna. Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 20. Marij Kogoj, aliyesoma Vienna, alionyesha opera yake «Črne maske» mwaka wa 1929. Miaka michache nyuma ugonjwa wa akili ukamkamata, na hakuandika tena kazi kubwa mpaka kifo chake mwaka wa 1956. Mwenzake Slavko Osterc alisoma Prague kwa Alois Hába, mwalimu aliyegawanya sauti katika vipande vidogo kuliko vile vya piano. Osterc akarudi Ljubljana kufundisha, na akawaambia vijana waache kurudilia mambo ya wazee. Alikufa mwaka wa 1941, akiwa na umri wa miaka 45.

Mbegu ilibaki. Katika miaka ya 1960, kizazi kingine cha watunzi, kati yao Ivo Petrić na Lojze Lebič, kilijikusanya ili kuandika muziki ya wakati wao. Mwaka wa 1962 Petrić akaanzisha kikundi cha wapigaji na kukipa jina la Slavko Osterc. Aliona wazi kwamba mtunzi asiye na wapigaji ni sawa mpishi asiye na moto. Huyu Lebič, aliyezaliwa 1934, alisoma pia akiolojia, kazi ya kuchimbua vitu vya watu wa kale, na wengi wanapenda kusema hiyo inasikika katika muziki yake.

Lakini juu ya nini trio, na hapana okestra? Sehemu moja ya jibu iko mfukoni. Okestra inaomba watu makumi, ukumbi mkubwa na mishahara. Mtunzi kijana anaweza kungojea miaka mbele okestra imupatie nafasi ya dakika kumi. Watu watatu wanaweza kufanya mazoezi nyumbani kwa mmoja wao, mwenye piano. Wakialikwa katika mji mwingine, ni tiketi tatu tu. Basi watunzi wengi wanaanzia pale.

Mfano unaojulikana sana kule ni Trio Lorenz: ndugu watatu wa damu, Primož kwenye piano, Tomaž kwenye violoni na Matija kwenye violonsele. Walipiga pamoja kwa makumi ya miaka. Walipiga kazi kubwa za zamani kama trio zingine zote za Ulaya, lakini walifungua mlango pia kwa watunzi wa kwao, na wale wakaandika kazi mpya kwa ajili yao. Mtunzi anayejua nani atapiga nota zake anaandika tofauti. Anajua yule mpiga violonsele anaweza nini. Na wakikwama kwenye mazoezi, wanamupigia simu. Beethoven huwezi kumupigia simu.

Mazoezi yenyewe iko kazi ngumu. Katika kazi nyingi mpya hakuna mdundo wa kushikilia tangu mwanzo mpaka mwisho. Mpiga piano anaweza kuombwa asimame, aingize mkono ndani ya chombo na kuvuta nyaya kwa vidole. Mwenye violoni anapitisha upinde karibu sana na daraja la nyaya, na sauti inatoka yenye kukwaruza, sawa vile bati juu ya sementi. Karatasi zinajaa alama ambazo mtunzi amejitungia, na kurasa za mbele zinaeleza maana yao. Halafu kuna shida ya nguvu: piano ni mnyama mkubwa, inaweza kuwameza wale wawili. Kujua namna ya kuishusha bila kuiua, hiyo inachukua miaka. Na kwa sababu hakuna kiongozi, wanaanza pamoja kwa pumzi: mmoja anavuta hewa, wengine wanamuona, wote wanaingia.

Kitu kimoja kidogo cha pembeni. Lugha ya Kislovenia iko na umbo la pekee kwa watu wawili, mbali na umoja na wingi. Wawili wakisema «sisi» wanatumia neno lao. Wakifika watatu ndipo wingi unaanza. Kwa hiyo, katika lugha ya kwao, trio ndiyo kikundi kidogo kabisa ambacho ni «wengi».

Mutu aliyezoea rumba au nyimbo za kwaya, akisikia muziki hii mara ya kwanza, atauliza wimbo uko wapi. Ni swali halali. Zingine kati ya kazi hizi ni kavu kweli, hakuna haja ya kudanganya. Lakini nyingi zinafunguka ukiacha kungojea kiitikio na kusikiliza nani anamujibu nani, nani anakatiza mwenzake, na wakati gani wote watatu wananyamaza. Ukimya pia umeandikwa.

Shida kubwa zaidi inakuja kisha konseri. Kazi mpya inapigwa siku ya kwanza, watu wanapiga makofi, mtunzi anainama, kisha karatasi zinaingia katika kabati na hazitoki tena. Ujanja mmoja wa trio nyingi ni kuweka kazi mpya katikati ya mbili za zamani zinazopendwa, ili wasikilizaji wasikimbie. Ujanja mwingine ni kuirudilia katika miji mingine. Wakati kazi ni ya Mfaransa au Mjerumani, wapigaji wa dunia nzima wanaweza kuichukua. Kazi ya Mslovenia, kama watu wa kwao hawaipigi, uwezekano wa mwingine kuichukua ni mdogo sana.

Hapo ndipo vyombo vya inchi vinaingia. Chama cha watunzi wa Slovenia, kilichoanzishwa mwaka wa 1945, kinachapisha karatasi za muziki ili trio ya kesho iweze kuzipata. Na redio ya taifa, iliyoanza kusema Ljubljana mwaka wa 1928, inarekodi. Iko na chaneli ya tatu, ARS, ambayo kazi yake ni utamaduni na muziki ya namna hii. Tarehe 8 Februari, siku ambayo mshairi France Prešeren alikufa mwaka wa 1849, ni sikukuu ya utamaduni kwa inchi nzima, watu hawaendi kazini. Inchi zinazofunga maofisi kwa ajili ya mshairi si nyingi.

Watunzi wa leo wanatembea zaidi kuliko wazee wao. Nina Šenk, aliyezaliwa 1982, alisoma Ljubljana kisha Dresden na Munich. Vito Žuraj, wa Maribor, aliyezaliwa 1979, anacheza tenisi na kuzipa kazi zake majina ya mchezo huo; moja inayoitwa «Top Spin» ni ya trio ya wapiga ngoma na vyombo vya kugonga, bila violoni wala piano. Mwenye kutaka kuonja anaweza kufungua ARS kwa intaneti, kama megabaiti zinaruhusu. Watangazaji wanasema Kislovenia, lakini wakimaliza kusema, muziki inaanza.