Ngao kwa ngao: siri ya vikosi vidogo katika vita vya kuigiza

Kila mwaka, Julai inapokwisha na Agosti inapoingia, watu zaidi ya 10,000 hukusanyika karibu na mji mdogo wa Slippery Rock, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, wakapiga mahema na kuishi kama watu wa zama za kati. Wapo wapishi, washonaji, wahunzi na waimbaji. Na wapo wapiganaji, mamia kwa mamia, waliovaa deraya na kofia za chuma, waliokuja kupigana vita mchana kweupe, kisha usiku wakala pamoja.

Shughuli hii huitwa Pennsic. Jina limeungwa kwa maneno mawili: Pennsylvania, na vita vya Punic walivyopigana Warumi na watu wa Karthago, mji wa Afrika ya kaskazini. Ilianza mwaka wa 1972, na isipokuwa mwaka wa 2020 na wa 2021, ilipozuiwa na maradhi ya Korona, imekuwa ikifanyika. Wenyewe ni chama kiitwacho Society for Creative Anachronism, kilichozaliwa Berkeley, California, mwaka wa 1966. Chama hiki kimejigawa katika falme, na mfalme hupatikana kwa kuwashinda wenziwe katika mapigano. Hapo Pennsic, Ufalme wa Mashariki hukabiliana na Ufalme wa Kati, kila mmoja na washirika wake.

Msomaji huenda akauliza: kuna nini cha kujifunza kwa watu wazima wachezao vita? Swali hilo ni la haki. Maigizo mengi ya vita vya kale ni maonyesho tu, na mwisho wake wajulikana. Huko Uingereza, vita vya Hastings vya mwaka wa 1066 vinapoigizwa mbele ya watazamaji, Mfalme Harold hana budi kufa, hata wapiganaji wake wawe hodari vipi. Lakini Pennsic si hivyo. Hapo hakuna ajuaye nani atashinda mpaka baragumu la mwisho. Kwa hivyo mbinu nzuri hulipa, na mbinu mbaya huadhibiwa papo hapo.

HENZIRANI

Silaha zao si za chuma. Panga, mashoka na mikuki yao hutengenezwa kwa henzirani, ile iliyotupa bakora za walimu wetu wa chuoni, ila yao ni nene, si chini ya inchi moja na robo. Henzirani ilichaguliwa kwa sababu haipasuki vipande vya kuchoma mtu. Ikichoka hufumuka nyuzi kama ufagio. Hata hivyo pigo lake si la mzaha, na ndiyo sababu ya zile kofia za chuma.

Sharti za mchezo ni nyepesi kuzieleza. Pigo zuri la kichwa au kiwiliwili huua. Pigo la mkono huunyima mkono huo kazi. Pigo la paja humpigisha mtu magoti, akaendelea kupigana hapo chini kama awezavyo. Chini ya goti hapapigwi. Aliyekufa huanguka, au huondoka uwanjani ameinua silaha juu ya kichwa ili asipigwe tena. Na ikitokea hatari ya kweli, mtu hupiga ukelele wa kusimamisha, na wote husimama.

Wenzetu wa Lamu wachezao kirumbizi wanajua utamu wa fimbo mkononi mwa fundi. Lakini kirumbizi ni cha mtu na mtu. Uwanjani Pennsic, fundi aliye peke yake haishi muda mrefu. Akimkinga wa mbele, atapigwa na wa kushoto. Akigeuka kushoto, mkuki utamfikia kutoka kulia. Fundi huyo hushindwa na watu wa kawaida watano waliozoeana.

WATANO

Tuwatazame watano hao. Mbele husimama wawili au watatu wenye ngao kubwa, bega kwa bega, ngao zikigusana. Nyuma yao yuko mwenye mkuki, na pengine mwenye shoka la mpini mrefu. Mkuki huo, ambao aghalabu hufika futi 9, hushikwa kwa mikono miwili. Basi mwenye mkuki hana ngao. Ngao yake ni mwenzake aliye mbele, na huyo wa mbele naye hujua kuwa adui akimkaribia mno, mkuki utatokea juu ya bega lake kumsaidia. Kila mmoja ameuweka uhai wake mikononi mwa mwingine.

Sisi tuliosimama katika safu za sala tangu utotoni twaelewa maana ya bega kwa bega, na twajua kwa nini imamu huhimiza mianya izibwe. Hapo Pennsic pia mwanya ndio mauti. Wa mbele akianguka, wa nyuma hana nafasi ya kufikiri. Yampasa aingie pale pale. Nafasi ya mtu mmoja ikiachwa wazi kwa kitambo kidogo, adui huingia, na wale wawili waliokuwa pembeni mwa mwanya hupigwa ubavuni pasipo na ngao. Ni kama ubeti: mshororo mmoja ukipungua mizani, si mshororo huo tu unaoharibika, ni shairi zima.

Jambo la pili wanalofundishwa ni la ajabu kidogo kwa asiyezoea. Usimpige aliye mbele yako. Mpige aliye mshazari. Aliye mbele yako anakutazama wewe, ngao yake iko tayari. Lakini jirani yake anamtazama mtu mwingine, na ubavu wake uko wazi kwako. Safu inayopiga mshazari huua watu ambao hawakuliona pigo likija. Jambo hili halifai kwa mchoyo wa sifa, kwani adui unayemwua si yule anayekutisha wewe, bali ni yule anayemtisha mwenzako.

Tatu ni amri. Katika makelele ya mamia ya watu na ngao zigonganazo, hotuba haisikiki. Amiri wa kikosi kidogo hutumia neno moja tu: funga, songa, rudi. Kikosi kilichozoea sauti yake hutenda kabla ya jirani hajauliza kumesemwa nini.

HESABU

Mwaka wa 1916, mhandisi wa Kiingereza, Frederick Lanchester, aliyejulikana kwa kutengeneza magari, alitoa kitabu juu ya ndege za vita. Humo alieleza kanuni iwafaayo hata hawa wa henzirani. Alisema kuwa pale ambapo kila mpiganaji aweza kumfikia adui yeyote, nguvu ya kikosi si idadi ya watu wake, bali ni idadi hiyo mara yenyewe.

Watu 5 basi wana nguvu ya 25, na watu 3 wana nguvu ya 9. Ukitoa 9 katika 25 hubaki 16, nayo ni 4 mara 4. Maana yake, watano wakiwavamia watatu walio sawa nao kwa ujuzi, watatu wote huanguka, na katika watano huanguka mmoja tu. Tena tazama: kumi kwa kumi huweza kuangamizana wote. Lakini kumi wakikutana na watano, kisha wakakutana na watano wengine, huwamaliza wote kumi, na wao hubaki watu 7.

Uwanjani hesabu haitoki kamili namna hiyo, kwani silaha ya kila mtu haimfikii kila adui. Lakini hiyo ndiyo kazi ya amiri wa kikosi kidogo. Hatafuti kushinda uwanja mzima. Hutafuta mahali padogo ambapo, kwa dakika moja, watu wake watano watakutana na watatu. Wakiisha hao, hutafuta watatu wengine.

KUACHA SAFU

Hatari kubwa huja wakati wa kushinda. Kikosi hushambulia, ngao za adui zapasuka, watu wakimbia. Hapo damu huchemka, na kila mmoja hutamani kumkimbiza wake. Wafanyapo hivyo, kikosi cha watano huwa watu watano mbalimbali, na hesabu ya Lanchester huwageukia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Hastings, tarehe 14 Oktoba 1066. Waingereza walisimama juu ya kilima, ngao kwa ngao, na farasi wa William wakashindwa kuwavunja. Sehemu ya jeshi la William ilipokimbia, baadhi ya Waingereza waliteremka kuwafukuza. Huko chini walizungukwa wakauawa, na kufika jioni Harold naye alikuwa amekufa. Wala sisi hatuhitaji kwenda Uingereza kwa somo hili. Mtoto wa chuoni anaijua habari ya Uhud, mwaka wa 625: wapiga mishale 50 waliamriwa wasiondoke mlimani, wengi wao wakaondoka walipodhani vita vimekwisha, na Khalid bin Walid, ambaye bado hajasilimu, akaja na farasi kutoka nyuma.

Kwa hivyo vikosi vizuri vya Pennsic hufanya zoezi la kushinda kama wafanyavyo zoezi la kushindwa. Wakiivunja safu hawakimbizi mtu. Husimama, hujifunga tena, kisha hugeuka kuupiga ubavu wa wale waliosalia.

Na katika vita vya msituni, ambapo aliyekufa huruhusiwa kurudi mahali maalumu akafufuka, somo ni lile lile. Wanaorudi mmoja mmoja hufa mmoja mmoja. Wenye akili huwangoja wenzao wakatimia, ndipo wakaingia pamoja, hata kama kungoja kunauma.

KIFARU

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika vita hivi hakuna mwamuzi wa kifo. Wasimamizi wapo, lakini kazi yao ni usalama. Anayesema kuwa amekufa ni yule yule aliyepigwa. Yeye pekee ndiye ajuaye kama pigo lilikuwa zito la kupenya deraya, au lilimpapasa tu.

Basi wapo wasiokufa. Hupigwa, wakaendelea kana kwamba inzi ametua. Wenzao wana jina lao: huwaita vifaru, kwa unene wa ngozi. Na madhara ya kifaru hayaishii kwake. Anayempiga asimwone akianguka huzidisha nguvu katika pigo la pili, na la tatu huwa zito zaidi, mpaka mchezo ukamvunja mtu mfupa wa kweli. Kisha upande wa pili nao husema: ikiwa hawa hawafi, kwa nini sisi tufe?

Wapiganapo wawili, watu wote hutazama, na mwongo huona haya. Katika msongamano wa mamia, hakuna amwonaye ila wale wanne walio pamoja naye. Hao hufaidika na uongo wake, kwa kuwa safu yao haina mwanya. Hapo ndipo kikosi hupimwa. Kipo kinachonyamaza kikashinda siku hiyo. Na kipo ambacho mwenye mkuki humgusa bega aliye mbele yake, yule yule aliye ngao yake, akamwambia: ndugu, hilo lilikuwa pigo, toka. Akitoka, mwenye mkuki hubaki wazi mbele ya adui, na huenda akafa yeye.

Wahenga walinena: muungwana akivuliwa nguo huchutama.