"Huyu ni rafiki yangu"

Dada mmoja jirani yangu hapa Kensington, Joburg, aliniazima African Love Stories, mkusanyiko wa mwaka 2006 uliohaririwa na Ama Ata Aidoo. Mie mtu wa nondo na saruji, nikadhani ni porojo za mapenzi tu. Nikakesha.

Iliyonishika ni "Jambula Tree" ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ndiyo zambarau yetu. Anyango anamsemesha Sanyu, rafiki yake wa utotoni huko Nakawa, Kampala, anayerudi kutoka London. Urafiki wao uligeuka mapenzi, jirani Mama Atim akawafuma, maneno yakaenea. Hakuna mahubiri mle. Unaona tu umbea unavyotenganisha watu wawili.

Kutokana na hadithi hiyo, Wanuri Kahiu alitengeneza filamu iliyotoka mwaka 2018, nayo Kenya ikaipiga marufuku mwaka huohuo. Aliiita Rafiki, kwa sababu ndivyo wapenzi wa jinsia moja wanavyotambulishana kwetu.

Afrika Kusini sheria inaruhusu ndoa hizo tangu 2006. Hata hivyo, yule dada alipokuja na mwenzake kuchukua kitabu, alisema, "Kaka, huyu ni rafiki yangu."

Nikawakaribisha chai.