Sleji ya Katoni: Tuwaachie Watoto Msumeno na Gundi

Kila mwaka, Krismasi inapokaribia, madirisha ya maduka makubwa mijini hujaa mapambo ya plastiki yaliyotoka ng'ambo. Kuna nyota zing'aazo, kengele, miti isiyokuwa miti, na lile gari la Baba Krismasi lisilokuwa na magurudumu, ambalo tumelitohoa jina na kuliita sleji. Mzazi hufungua mkoba akanunua. Mtoto hulichezea pambo lake siku mbili tatu, na kabla ya Mwaka Mpya kuingia limekwisha kuvunjika na kutupwa jaani.

Nimefundisha kazi za mikono kwa miaka mingi, na nionavyo mimi, hasara iliyo kubwa hapa si ya fedha. Hasara ni kwamba mtoto amenyimwa fursa ya kuunda kitu ambacho angeweza kukiunda mwenyewe kwa katoni moja, vipande vya mbao vilivyotupwa na seremala, na kikombe cha unga wa ngano. Yule yule ambaye siku nyingine zote huunda magari ya waya na kuyatia magurudumu ya kandambili kuukuu, ikifika Krismasi tunamwambia aketi, atazame, asiguse.

Wapo watakaoniuliza: mtoto wa Kitui au wa Kisumu ana haja gani na gari la theluji, ilhali barafu ya pekee iliyomo nchini ni ile inayozidi kupungua kileleni mwa Mlima Kenya? Je, huku si kuiga mambo ya wageni? Swali hili ni la haki, wala sitalikwepa.

Jibu langu la kwanza ni la historia. Mtakatifu Nikolasi, ambaye jina lake ndilo lililozaa jina Santa Claus, alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Uturuki, mnamo karne ya 4. Hakuwa na sleji. Sleji alipewa huko Marekani. Mwaka wa 1821 kijitabu cha watoto kilichochapishwa New York kilimwonyesha akiwa katika sleji iliyokokotwa na kulungu mmoja wa nchi za baridi. Mwaka wa 1823, shairi lililotokea katika gazeti moja la mji wa Troy, na ambalo huhusishwa na Clement Clarke Moore, likawafanya kulungu hao kuwa wanane. Yule wa tisa mwenye pua nyekundu, Rudolph, alibuniwa mwaka wa 1939 na Robert L. May kwa ajili ya kijitabu cha duka la Montgomery Ward la Chicago. Kwa maneno mengine, watu wa huko walichukua chombo walichokiona njiani kila majira ya baridi, wakampandisha mtakatifu wao. Katika habari za Injili za kuzaliwa kwa Kristo hamna theluji wala kulungu, na mwanafunzi anastahili kulijua hilo kabla ya kushika mkasi.

Jibu la pili litawashangaza wengi. Sleji haikutoka nchi za theluji pekee. Nchini Misri, katika kaburi la Djehutihotep, kulichorwa yapata mwaka wa 1900 kabla ya Kristo picha ya sanamu kubwa mno ikiwa imepakiwa juu ya sleji ya mbao na kuvutwa kwa kamba na umati wa watu. Mtu mmoja amesimama mbele ya sleji hiyo akimimina maji mchangani. Wapo wataalamu waliodhani kwamba maji yale yalikuwa ya ibada. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha kwamba mchanga ukitiwa maji kwa kadiri ifaayo, nguvu za kuvuta sleji hupungua kwa karibu nusu. Mchanga mkavu hujilimbikiza mbele ya sleji ukaizuia, ilhali mchanga wenye unyevu hushikana ukawa mgumu. Yule Mmisri alijua alilokuwa akilitenda.

Isitoshe, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, wakulima wamekuwa wakikata panda la mti lenye umbo la herufi V, wakalifunga kwa ng'ombe na kulikokotesha plau, maji au mavuno. Hiyo nayo ni sleji, ingawa haina kengele. Ina ila yake pia, kwa kuwa huchimba njia, na mvua ikija njia hiyo hugeuka korongo. Basi mtoto aundapo sleji, haundi kitu kigeni kabisa. Anaunda chombo walichokitumia binadamu kabla ya gurudumu kuenea, na ambacho bado kinatumika pale ambapo gurudumu ni ghali.

Sasa tuingie kazini, maana maneno matupu hayaundi chombo.

Katoni yenyewe ni somo. Ukiikata utaona karatasi ya mikunjo iliyobanwa katikati ya karatasi mbili zilizonyooka. Karatasi ya mikunjo ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka wa 1856 ili itiwe ndani ya kofia, na ni mwaka wa 1871 tu ambapo Albert Jones wa New York alipata hataza ya kuitumia kufungia vitu vivunjikavyo. Mikunjo hiyo hufanya mifereji, na siri yote ya kazi hii imo katika mwelekeo wa mifereji. Mwambie mwanafunzi ajaribu kukunja kipande cha katoni kwa kuifuata mifereji, kisha kwa kuikingama. Atatambua papo hapo kwamba upande mmoja hutii na wa pili hukataa.

Kwa sleji ya kukaa mezani, chora kwanza ubavu mmoja juu ya gazeti, urefu wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 18, nyuma ukiwa umeinuka kama kiti na mbele ukiwa umejipinda kama shingo ya bata. Gazeti hilo ndilo kiolezo. Kwa kiolezo hicho hicho, kata mbavu mbili za katoni, mifereji ikiwa imesimama wima ili ibebe uzito. Kisha kata ukanda mmoja wenye upana wa sentimita 12 na urefu wa sentimita 45, safari hii mifereji ikikatiza upana. Ukanda huu ndio sakafu, na ndio unaopanda mbele ukajipinda. Kwa kuwa mifereji inatoka ubavu mmoja hadi mwingine, sakafu haitabonyea. Pale mbele, ukichora mistari kwa mgongo wa kisu kila baada ya sentimita moja kwa kuifuata mifereji, ukanda utapinda taratibu bila kuvunjika. Unganisha mbavu na sakafu kwa vipande vya gazeti vilivyopakwa gundi, ndani na nje.

Gundi ni ya unga. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika maji baridi hadi madonge yaishe, mimina ndani ya maji yanayochemka, koroga mpaka uji uwe mzito, kisha uache upoe. Onyo ni hili: katoni iliyolowa hujikunja ikikauka, kwa hiyo paka gundi kidogo, na vipande vilivyo bapa uvikandamize kwa vitabu hadi kesho yake.

Nyayo za sleji ziwe za mbao, kila moja urefu wa sentimita 36, upana sentimita 2 na unene sentimita 1. Watoto wengi hutaka kuchonga ubao ili ncha ya mbele ijipinde kwa madaha. Hapo ndipo ubao huwafunza, kwani mahali ambapo pindo linakatiza nyuzi za mti, ncha hukatika kwa kuguswa tu. Afadhali kuunyoosha ubao na kuupiga msasa, kisha pindo la mbele liundwe kwa fito mbichi iliyopindwa, ikafungwa kwa uzi na kuachwa kivulini mpaka ikauke na kulishika umbo lake. Juu ya nyayo hizo mbili gundisha vijiti vitatu vya kukingama, mfano wa mataruma ya mashua, kwa gundi ya seremala, na juu ya vijiti ukae mwili wa katoni. Vibanio vya nguo vinatosha kushikilia viungo hadi vikauke. Malizia kwa rangi ya maji au udongo mwekundu. Wembe na msumeno vishikwe mbele ya mtu mzima, na mshumaa usitiwe kamwe ndani ya sleji ya katoni, maana pambo litageuka moto wa nyumba.

Sleji ikikamilika, mwalimu anaweza kuigeuza maabara. Mwanafunzi aipakie mawe madogo, aifunge mpira wa kufungia karatasi, aivute juu ya mchanga mkavu akipima kwa rula jinsi mpira unavyonyooka. Kisha aunyunyizie mchanga maji kidogo, apime tena. Akizidisha maji hadi mchanga uwe tope, atapima mara ya tatu na kuona kazi imeharibika. Huyo amefanya jaribio la Amsterdam kwenye uwanja wa shule yake. Na hapo ndipo atakapong'amua kwa nini nyayo zilikuwa za mbao wala si za katoni.

Lakini hayo yote yana sharti moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kazi iwe ya mtoto. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, kazi za mikono zilipewa nafasi, lakini zilipoacha kutahiniwa, katika shule nyingi kipindi chake kililiwa na Hisabati. Mtaala wa umilisi umezirejesha, na sisi sote tulishangilia. Je, kumetokea nini? Mwalimu anatoa kazi Ijumaa. Jumapili usiku mzazi anakesha akikata na kugundisha, au anamlipa fundi wa jua kali. Jumatatu mtoto analeta darasani kitu maridadi asichoweza kueleza kiungo chake hata kimoja. Mwalimu anakipa alama. Tujiulize kwa dhati, aliyepimwa hapo ni nani?

Nawaomba walimu wenzangu tukubali sleji iliyopinda. Tumpe alama zaidi mtoto ambaye sleji yake inayumba lakini anajua kwa nini inayumba. Nanyi wazazi, msaada wenu uwe wa kushikilia msumeno, kutafuta katoni na kunyamaza. Kwa wanafunzi wasioadhimisha Krismasi, katoni ni ile ile na gundi ni ile ile. Mmoja aunde mashua, mwingine mkokoteni wa punda kama wa Lamu, na wote watakutana katika somo la mifereji na nyuzi za mti.

Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu, na runinga na simu ziko tayari kuila yote. Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga, na fito hali kadhalika. Mkono usiofunzwa kukata na kuunga utotoni utakuja kuwa mkono wa kununua tu, na taifa la watu wanaonunua tu haliwezi kujitegemea. Tuwaachie watoto katoni hiyo.