Kudzu: mzizi wa China na kiu ya pombe

Tangu enzi za kale, waganga wa jadi nchini China wamewapa walevi dawa itokanayo na kudzu, mmea utambaao wa jamii ya kunde. Je, ipo hoja ya kisayansi?

Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliripoti kuwa wanyama wadogo wa jamii ya panya, ambao kwa kawaida hupenda pombe, walipunguza kuinywa baada ya kupewa daidzini, kemikali ipatikanayo katika mzizi huo.

Mwaka 2005 ikaja zamu ya binadamu. Profesa Scott Lukas na wenzake wa hospitali ya McLean, jimboni Massachusetts, waliwaweka wanywaji 14 katika chumba mfano wa sebule, chenye televisheni na jokofu la bia. Walipokuwa wamemeza vidonge vya kudzu kwa siku saba, walikunywa takriban nusu ya bia walizokunywa walipopewa vidonge bandia, tena kwa mafunda madogo zaidi.

Matokeo hayo yanavutia, lakini msikilizaji asiharakishe kushangilia. Wanywaji hao hawakuwa wakitafuta tiba. Uchunguzi wa mwaka 2000 kwa wagonjwa 38 wa ulevi sugu haukuona tofauti yoyote baina ya kudzu na kidonge bandia. Kupunguza bia za jioni moja si sawa na kuvunja uraibu wa miaka mingi, na mlevi wa aina hiyo aachapo pombe ghafla, pasipo daktari, aweza kushikwa na degedege hata kupoteza maisha.