Popo wa Huruma na Papa Mbingusi

Taa ya mulika mwizi inapowaka jioni mtaani Huruma, wadudu huizunguka na popo huwafuata. Kati ya popo waliozoea miji ya Afrika yumo popo mdogo wa mkia huru, Chaerephon pumilus, anayeshinda mchana kwenye nyufa za kuta na chini ya mabati. Wengi humdhania kipofu. Macho anayo na anaona, ila kumkamata mdudu ni kazi ya masikio: hupiga mlio mwembamba, kisha husikiliza mwangwi. Mdudu akiwa mita 3.4 mbele yake, mwangwi hurudi baada ya sekunde 0.02 tu, na kadiri anavyomkaribia ndivyo milio inavyofuatana kwa kasi. Papa mbingusi, Sphyrna lewini, wa pwani yetu, naye huwinda gizani, ila bila kutoa mlio wowote. Kichwa chake kipana kimejaa vitundu vyenye ute vinavyonasa umeme hafifu wa mwili wa samaki, hata aliyejifukia mchangani. Mwaka 2002, Stephen Kajiura na Kim Holland waliripoti kwamba mbingusi hahisi umeme vikali kuliko papa waliyemlinganisha naye. Faida ya kichwa kile ni kupekua eneo pana zaidi kwa mpito mmoja.

Kwa maoni yangu, tofauti hii haitokani na mmoja kuwa hodari kuliko mwenzake, bali kwanza na mahali wanapoishi. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Hewa karibu haipitishi kabisa, kwa hiyo hisi ya papa isingemfaa popo. Mtu atauliza: mbona pomboo huwinda kwa mwangwi baharini, tena sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde? Swali hilo ni zito, na linanilazimu kuongeza sababu ya pili, yaani ukoo. Pomboo ni mamalia; hupumua hewa, na mlio wake huutoa kwa kuisukuma hewa hiyo kwenye njia za pua. Papa hupumua kwa mashavu, hana hewa ya kusukuma. Lakini ukoo nao haufungi kila kitu: mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba pomboo wa Guiana, mwenye mwangwi tayari, huhisi pia umeme, kwa vishimo vya mdomoni ambamo mababu zake waliotesha masharubu.